Mtu Mzima wa Kuazima

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kimya hakuwa mkimya hata kidogo. Jina hilo alibandikwa na wasomaji wa maktaba kwa sababu ya kibao kilichoandikwa KIMYA juu ya meza yake, na kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiasi kila siku. "Nyie wawili, hapa ni kijiweni?" alizoea kusema kwa ile sauti yake nzito, na chumba kizima kiliruka kwenye viti, hata wale ambao hawakuwa wamesikia mnong'ono wowote.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane, mama wa watoto wawili waliokwisha kujitegemea, na miguu yake ilikuwa ikivimba kila ikigonga saa tisa alasiri. Maktaba ile aliingia kama mfagiaji. Mkutubi wa wakati huo, mama mmoja mwenye miwani minene, alimwona mara mbili tatu amesimama na fagio mkononi akisoma migongo ya vitabu, akamwita mezani, akaanza kumfundisha kuandika kadi. Kisha akamfundisha kupanga vitabu kwa namba. Kisha akampigania mpaka akapelekwa mafunzo ya miezi mitatu. Yule mama alipostaafu, Mama Kimya akarithi meza, muhuri wa tarehe na shada la funguo. Msaidizi aliahidiwa. Ahadi hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka saba.

Maktaba yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja kikubwa chenye rafu kumi na mbili na feni mbili, moja nzima na nyingine ya kuzunguka inapojisikia, chumba cha watoto ubavuni, kilichofungwa tangu dari lilipovuja, stoo isiyo na dirisha, na choo kimoja huko uani, karibu na tangi la maji.

Kila likizo ndefu ilipofika, Mama Kimya alikuwa na kazi moja isiyokwepeka, nayo ni kuhesabu vitabu. Si kuhesabu kwa macho. Kila kitabu kilipaswa kushikwa mkononi, namba yake isomwe, itafutwe kwenye daftari kubwa, itiwe tiki. Kitabu chenye kasoro kiwekewe kikaratasi cha njano. Vitabu vilikuwa elfu nane na zaidi kidogo. Kazi hiyo iliwekwa wakati wa likizo kwa sababu wakubwa waliamini kwamba shule zikifungwa, maktaba zinakuwa tupu. Aliyeamini hivyo, Mama Kimya alikuwa akisema, hajawahi kukanyaga maktaba siku ya kazi.

Mwaka huo kulikuwa na afisa mpya makao makuu, kijana aliyependa kutuma barua. Barua ilisema hesabu ikamilike kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kwamba atakayechelewa atatoa maelezo kwa maandishi. Mama Kimya akapiga hesabu zake: vitabu mia sita kwa siku, basi anamaliza na siku moja ya kupumua inabaki. Akanunua kalamu mpya.

Jumatatu ya kwanza ya likizo alifika saa mbili kasoro, akakuta watoto watatu wamekaa kwenye ngazi. Msichana wa miaka tisa hivi, amevaa sare ya shule kana kwamba shule haijafungwa, na wavulana wawili wa miaka mitano waliofanana kama viatu. Nyuma yao alisimama mama yao, anatazama saa. Mama Kimya alimfahamu kwa sura. Ni yule aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kituo cha mabasi, na wote walimwita Mama Pacha.

"Dada yangu, hujambo? Nimekuletea wasomaji," alisema Mama Pacha.

"Sijambo. Hawa mapacha wanajua kusoma?"

"Wanaangalia picha. Huyu dada yao anajua kusoma mpaka magazeti. Hawatakusumbua, wamezoea."

"Wamezoea nini?"

Lakini Mama Pacha alikuwa ameshafika barabarani. Zilibaki sauti za ndala zake tu, zikipiga lami haraka haraka.

Kumbe hakuwa peke yake aliyekuwa na wazo hilo. Kituo cha michezo kilichokuwa kikiwapokea watoto wakati wa likizo kilikuwa kimepandisha ada, na kina mama wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamekumbuka kwamba kuna mahali penye paa, feni, maji na choo, na kiingilio chake ni bure. Kufika saa nne, watoto walikuwa saba. Jumanne walikuwa tisa. Jumatano walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa na chupa ya maziwa.

Mama Kimya alijaribu kuhesabu vitabu. Anashika kitabu, anasoma namba, anainama kwenye daftari, na kabla kalamu haijagusa karatasi anasikia, "Bibi, huyu kanifinya." Anarudi kwenye namba, "Bibi, nina kiu." Anapata namba, "Bibi, choo hakifunguki." Kilikuwa kinafunguka, ila komeo la mlango lilikuwa juu mno kwa kimo cha mtoto, kwa hiyo kila safari ya choo ikawa ni safari yake yeye pia. Makombo ya biskuti yakaingia kwenye kamusi. Pacha mmoja akamfuata na kitabu mkononi akamuuliza kwa nini hakina mwisho. Mama Kimya akakitazama: kurasa tatu za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Kwa sababu kuna mtu hana adabu," alijibu.

"Sasa yule sungura alikufa?"

"Sijui."

"Si wewe ndiye mwenye vitabu?"

Alipofunga Jumatatu alikuwa amehesabu vitabu mia na arobaini. Jumanne mia na kumi. Zaidi ya hapo alikuwa na lawama za Wakili, kijana aliyekuwa akisomea mtihani wa sheria pale dirishani. Wote walimwita hivyo ingawa mtihani wenyewe ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Wakili alikuja mezani na daftari lake kifuani.

"Mama, kwa heshima zote, hii ni maktaba au ni chekechea?"

"Kamuulize aliyewaleta."

"Mimi nikifeli safari hii..."

"Utakuwa umefeli mwenyewe, kama zile mbili. Kaa chini."

Alijuta mara tu maneno yalipomtoka, kwa sababu kijana alikuwa na haki yake. Lakini alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya amchape kwa maneno yule aliyekuwa karibu.

Jumatano jioni alichukua kalamu ya wino mzito na karatasi kubwa, akaandika kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: MTOTO YEYOTE CHINI YA MIAKA KUMI ASIYEAMBATANA NA MTU MZIMA HARUHUSIWI KUINGIA. Akabandika mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama tangazo lake, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alhamisi asubuhi ngazi zilikuwa zimejaa watoto vilevile. Katikati yao alikaa mzee mmoja, mwenye kofia ya kitambaa na fimbo ya bomba la chuma. Mama Kimya alimjua. Alikuwa fundi bomba mstaafu, na mtaa haukuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mzee Bomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fungua, jua linatuchoma."

"Hawa wote ni wajukuu zako?"

"Wajukuu zangu wako mbali. Hawa nimeombwa."

"Umeombwa na nani?"

"Na mama zao. Walikuja jana jioni, wanne kwa pamoja, wakasema pale maktaba wanataka mtu mzima. Nikawaambia kama ni mtu mzima tu, mimi ni mtu mzima, nina miaka sabini na sita." Akainua fimbo akalielekeza tangazo. "Au hapo pameandikwa mtu mzima wa aina gani?"

Mama Kimya akasogea mlangoni. Alilisoma tangazo lake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba liliandikwa na adui. Hakukuwa na kosa lolote. Akafungua mlango.

Mzee Bomba akaingia na watu wake kumi na wawili, akachagua kiti chenye mikono, akafungua gazeti la juzi. Hazikupita dakika tano, gazeti likawa limemlalia usoni, linapanda na kushuka. Alikuwa akikoroma. Watoto walimzunguka wakibishana kwa kunong'ona ni mnyama gani anayekoroma hivyo, mpaka Wakili akakusanya vitu vyake akaenda kukaa stoo, kwenye giza, na tochi ya simu.

Hata hivyo Mama Kimya alijikaza. Mpaka saa nane mchana alikuwa amemaliza rafu ya kwanza, na tiki zilikuwa zimepangana vizuri. Ndipo afisa alipopiga simu kutaka idadi ya vitabu vilivyonunuliwa miaka kumi iliyopita, na aliitaka sasa hivi. Daftari la miaka hiyo lilikuwa stoo, chini ya maboksi. Mama Kimya akamwita yule dada wa mapacha, ambaye kwa siku nne alikuwa ndiye anayewanyamazisha wenzake, akiwafuta pua na kuwatenganisha wanapogombana.

"Wewe una akili. Wape wenzako kazi. Vile vitabu vilivyoko mezani virudisheni kwenye rafu, taratibu. Nakuja."

Daftari halikuonekana upesi. Alihamisha boksi moja baada ya jingine, Wakili akimshikia tochi, vumbi likimkaba koo. Saa nzima ikapita. Alipotoka alikuwa na daftari kwapani na buibui kwenye kilemba, na jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa ni utulivu. Watoto wote kumi na wawili walikuwa wamesimama mstari mmoja mbele ya rafu, mikono nyuma, wanacheka bila sauti.

"Bibi," alisema yule msichana, uso umemng'aa, "tumekupangia."

Walikuwa wamepanga kweli. Rafu nne, kuanzia juu hadi chini, vitabu vyote vilikuwa vimepangwa kwa urefu, kifupi mwanzo, kirefu mwisho, vikipanda kama ngazi, bila hata kimoja kutokeza mbele. Havikuwa vimenyooka hivyo tangu siku ya ufunguzi. Na juu ya meza, vikiwa vimefungwa kwa mpira wa nywele, vilikaa vikaratasi vyote vya njano.

"Hizi takataka tumezitoa zote," alisema pacha mmoja.

Mama Kimya alisimama. Vitabu vya hesabu vilikuwa vimesimama na vya mapishi, vya dini na vya kuku wa mayai. Namba zilizokuwa zimefuatana kama askari zilikuwa zimetawanyika. Ilikuwa ni kazi ya siku nne iliyoharibika, na siku nyingine tatu za kuirudisha ilivyokuwa. Damu ikampanda kichwani, akapiga kelele. Hakupiga kelele ya maneno ya maana. Alisema "nani kawatuma", alisema "mashetani", alisema "tokeni, tokeni mbele yangu", na sauti ile nzito ikagonga kuta ikarudi. Mzee Bomba aliamka akaangusha kofia. Njiani watu walisimama.

Pacha aliyekuwa karibu naye hakukimbia. Alibaki palepale, macho yamemtoka, na maji yakaanza kumtiririka miguuni mpaka kwenye soksi, yakatanda sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Yule dada yake akaenda uani, akarudi na tambara na ndoo, akapiga magoti, akaanza kufuta. Alifuta kama mtu mzima, kutoka pembeni kuja katikati, akikamua tambara kwa mikono yote miwili. Hakumtazama Mama Kimya hata mara moja.

Saa kumi na moja Mama Pacha alipofika, Mama Kimya alikuwa akimsubiri mlangoni. Alimpa vidonge vyake mbele ya kina mama wengine wote. Hapa si nyumba ya kulelea watoto. Yeye si yaya wa mtu. Hesabu imeharibika, barua ya kujieleza inamnukia, na kama wana akili ya kula njama na kumtuma mzee wa watu aje kulala, basi wana akili ya kutafuta pa kuwaweka watoto wao.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamvuta karibu yule pacha aliyelowa, akapandisha mkono wa shati lake. Kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na bega kulikuwa na kovu la pembetatu, linang'aa.

"Likizo iliyopita nilikwenda nao kazini. Meneja alitaka wasionekane, nikawaficha nyuma ya meza ya kupigia pasi. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Haya. Nitajie pa kuwapeleka, na kesho nitawapeleka huko. Hapa hutaniona."

"Hilo si la kuniuliza mimi."

"Nimuulize nani, dada?"

Swali hilo lilimkera Mama Kimya kuliko yote yaliyotokea siku ile. Akavuta mlango, akafunga kwa kufuli, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi ilikuwa siku ambayo mwanawe wa kiume, fundi umeme, hupitia kula chakula cha jioni kwa mama yake. Mama Kimya alimsimulia yote, akiwa bado amefura. Alipofika kwa Mzee Bomba, kijana alicheka mpaka akaweka kijiko chini na kujipangusa machozi. Mama akacheka naye kidogo, akaendelea kuwasema wale wazazi. Watu wanazaa halafu wanatupa. Watu hawana haya.

Kijana alikuwa akichezea kijiko.

"Sisi ulikuwa unatufungia ndani, Mama."

"Nini?"

"Likizo. Ulikuwa unatufungia na kufuli kwa nje. Mimi na dada."

"Nilikuwa nawafungia kwa usalama wenu. Mlikuwa na chakula, mlikuwa na ndoo, mlikuwa na redio."

"Najua. Redio iliisha betri siku ya pili." Alisema bila hasira, kama anayesimulia habari za watu wengine. "Dada alinifundisha kubandua rangi ya ukuta. Tulikuwa tunabandua vipande vikubwa, tunavipa majina, hii nchi yangu, hii nchi yako. Ndipo uliporudi ukatuchapa kwa sababu ya ukuta."

Mama Kimya aliukumbuka ukuta. Alikumbuka na jinsi mwenye nyumba alivyomfokea. Watoto wenyewe, sura zao siku ile, hakuweza kuzikumbuka, na hilo lilimuuma mahali asipopajua.

"Ulitaka nifanye nini?" alisema, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Baba yenu amekufa, mimi nafagia, naingia saa moja. Nikupeleke wapi? Sema! Leo umekuwa mkubwa, unakuja kula kwangu halafu unanihukumu?"

"Sikuhukumu, Mama. Hukuwa na pa kutupeleka. Ndicho ninachosema."

Aliosha mikono, akambusu kichwani, akaenda zake. Mama Kimya akabaki anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Alikuwa na hasira na mwanawe, ana hasira na Mama Pacha, ana hasira na mume wake kwa kufa mapema, na hasira hizo zote hazikuwa na pa kwenda.

Kesho yake hakubandua tangazo wala hakuwaomba watoto msamaha. Alichofanya ni kufungua kile chumba cha ubavuni. Mlango ulikuwa umevimba, ikabidi aupige bega. Dari lilikuwa na doa kubwa la kahawia, lakini mvua zilikuwa mbali bado. Alitoa nje viti vilivyovunjika, akafagia popo waliokauka, akafungua madirisha mawili. Alikuwa ameshaandika barua sita kuomba dari hilo litengenezwe. Jioni, walipokuja kuchukua watoto wao, aliwakusanya kina mama kwenye ngazi.

"Sitaki shukrani na sitaki soda. Nataka mtu mzima aliye macho. Kila mmoja wenu atakaa na hawa watoto nusu siku moja kwa wiki, humu ndani, mlango umefungwa, mimi nafanya kazi yangu kule. Asiyeweza, watoto wake wabaki kwake."

Walikuwa kina mama tisa. Wanne walikubali. Watatu walisema wataangalia. Mmoja alicheka, akasema, "Kwani wewe si unalipwa mshahara?" Mwingine aliondoka kabla hajamaliza kusema. Mama Pacha alisema ana siku moja tu ya kupumzika, nayo ni Jumatano, na ataitoa. Hakusema kwa furaha. Mama Kimya aliandika Jumatano bila kumtazama.

Zamu hizo zilikuwa za mashaka matupu. Jumatatu aliyepangwa alikuja, akakaa saa moja, akapigiwa simu, akapotea. Jumanne hakuja mtu. Aliyekuja siku zote mbili ni Mzee Bomba, ambaye hakuna aliyemwandika. Alikuja kwa sababu, alivyosema, nyumbani kulikuwa kimya mno hata usingizi haumpati. Jumanne hiyo alibeba gunia. Ndani yake kulikuwa na masalia ya kazi ya miaka arobaini: vipande vya mabomba ya plastiki, viungo vya kona, vya njia tatu, bomba moja la koki isiyofunga. Alimwaga vyote sakafuni.

"Mnataka maji yatoke dirishani yafike kwenye ule mti?" aliwauliza watoto. "Haya. Yaungeni wenyewe, mimi natazama tu."

Asubuhi ile Mama Kimya hakuitwa bibi hata mara moja. Alihesabu vitabu mia saba. Kila baada ya muda alikuwa akiinua kichwa kwa wasiwasi, anasikiliza, anasikia tu sauti ya mzee ikisema, "Hapo panavuja. Kwa nini panavuja? Fikiri," kisha ubishi mdogo wa watoto, kisha kimya cha watu wanaofanya kazi. Wakili alirudi dirishani kwake. Hata ile feni ya pili ilizunguka.

Furaha hiyo ilidumu siku moja na nusu. Jumatano mchana Wakili alitoka chooni na uso uliojaa maneno, akasema hakuna maji. Mama Kimya akaenda uani. Tangi lilikuwa tupu mpaka chini. Mabomba ya Mzee Bomba yalipita dirishani, yakazunguka ukuta, yakavuka uwanja kwa miguu ya matofali, yakaufikia mti, na mti wenyewe ulikuwa umesimama kwenye dimbwi. Watoto walikuwa matope mpaka masikioni. Mama Pacha, ambaye ndiye aliyekuwa zamu, alikuwa amepandisha gauni magotini, ameshika kiungo cha njia tatu, anacheka kama msichana.

"Maji ya siku tatu!" alifoka Mama Kimya. "Yanakuja Ijumaa! Mnajua hilo?"

Mama Pacha aliacha kucheka. "Nitachota kwangu nilete," alisema.

"Kwako ni wapi na hapa ni wapi?"

"Nitachota."

Na alichota. Alikwenda na kurudi mara sita na ndoo kichwani siku yake ya mapumziko, na yule binti yake nyuma na ndoo ndogo. Mama Kimya alimfungulia lango kila alipofika. Mara ya nne alimpokea ndoo akaimimina mwenyewe. Mara ya sita alimwambia, "Inatosha sasa, utavunjika shingo." Kuanzia siku iliyofuata aliamuru mabomba yapitishe gololi, si maji, na gololi zilizovingirika mpaka kwenye chumba kikubwa zilimtelezesha msomaji mmoja akakaa chini kwa kishindo, lakini hilo angalau halikuhitaji ndoo.

Ijumaa ya mwisho afisa alikuja mwenyewe. Alikuta rafu mbili bado hazijahesabiwa, na mlango wa ubavuni uko wazi.

"Chumba hiki kilifungwa kwa barua," alisema.

"Kilifungwa kwa sababu ya mvua. Mvua iko wapi?"

"Mama, mimi sibishani na wewe. Dari likimwangukia mtoto, nani atajibu?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomchoma. Alitaka kumwuliza zile barua sita zilifika kwa nani, lakini kijana alikuwa ameshatoa simu anapiga picha doa la dari. Chumba kikafungwa palepale, na afisa akaondoka na ufunguo wake. Wiki ya mwisho ya likizo watoto walirudi kwenye chumba kikubwa, Mzee Bomba akarudi kwenye kiti chenye mikono, na Mama Kimya akarudi kuhesabu kitabu kimoja kati ya "Bibi" mbili. Hesabu aliimaliza wiki mbili baada ya shule kufunguliwa.

Barua ya kujieleza aliiandika Jumamosi moja, akiwa peke yake. Aliianza mara tatu akaichana. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi, ya pili ilikuwa ya matusi ya heshima. Mwishowe alichukua kitabu cha mahudhurio, akaandika siku moja moja za likizo, na mbele ya kila siku idadi ya watoto waliokuja, umri wa mdogo kabisa, na idadi ya watu wazima waliokuwa nao. Ilikuwa kurasa mbili. Chini aliongeza mstari mmoja: "Hawa nao walikuwemo maktaba, na hakuna aliyeniagiza niwahesabu." Akapiga muhuri, akatuma.

Jibu lilichukua miezi miwili. Lilikuja ndani ya bahasha kubwa, na ndani ya bahasha kubwa kulikuwa na karatasi yenye sentensi moja: "Maelezo yako yamepokelewa." Aliigeuza kutazama nyuma, hakukuwa na kitu. Akaisoma tena kwa sauti, ile sauti yake, mpaka Wakili akainua kichwa kule dirishani.

"Wamesemaje, Mama?"

"Wamesema wamepokea."

"Basi?"

"Basi," alisema Mama Kimya, akaitoboa karatasi, akaitia kwenye faili, akamwita mtu aliyekuwa akisubiri kuazima.